Bustani ya Wörlitz: anzia ng'ambo ya ziwa

Wageni wengi wa Wörlitz, Ujerumani, hushuka kwenye basi, wakalizunguka kasri, wakapanda boti, wakanywa kahawa na kuondoka. Wakifanya hivyo, bustani yenyewe imewapita.

Leopold III Friedrich Franz, mtawala wa dola ndogo ya Anhalt-Dessau, na msanifu wake Friedrich Wilhelm von Erdmannsdorff walizitembelea bustani za Uingereza, wakarudi na wazo la kuachana na njia zilizonyooka na vichaka vilivyokatwa kwa rula. Kasri lilikamilika mwaka 1773. Mpaka leo hakuna kiingilio cha bustani. Unalipia tu kuingia ndani ya majengo, kupanda boti na kuvuka kwa vivuko vidogo.

Ubora wake uko kwenye upeo wa macho. Nenda ng'ambo ya ziwa, penye chungu cha dhahabu, kumbukumbu ya binti wa mtawala aliyefariki mchanga, kisha tulia. Miti inafunguka mbele yako: huku mnara wa kanisa, kule sinagogi la duara la mwaka 1790. Dini mbili zimewekwa ndani ya mtazamo mmoja, kwa makusudi. Ukisogea hatua chache, majani yanafunika kila kitu. Ndiyo maana kutembea haraka hapa ni hasara.

Daraja la chuma la mwaka 1791 ni nakala ya lile la Coalbrookdale, Uingereza, kwa robo ya ukubwa wake. Lipite, kisha shuka kando ulitazame kutoka chini, maana ukiwa juu yake huoni tao lake. Kisiwa cha Stein kina volkano ya kutengenezwa: moto huwashwa juu, na maji yakiteremka mbele ya vioo vyekundu vyenye mwanga huonekana kama lava. Ila hulipuka kwa nadra sana, kwa matukio maalumu, kwa hiyo usipange safari kwa ajili yake bila kuhakikisha tarehe.

Kasoro zipo. Ziwa ni mkono wa kale wa mto Elbe, kwa hiyo kiangazi mbu ni wengi. Vaa mikono mirefu. Ukame wa miaka ya karibuni umeua miti mingi mikubwa, na mti mmoja ukianguka, mandhari iliyopangwa kwa vizazi hubaki na pengo. Njia ni za mchanga na changarawe, nzito kwa kiti cha magurudumu mvua ikinyesha.

Tenga muda wa saa nne hadi tano. Panda boti mwishoni, ukishaijua ramani kwa miguu. Hapo utaelewa kila daraja unalopita chini yake. Majengo hufungwa majira ya baridi, na mara nyingi Jumatatu. Basi la kurudi mji wa Dessau, kilomita kama 15, uliza saa yake kabla hujaingia bustanini, hasa wikendi.