Darasa la Jioni la Fizikia na Falsafa ya Tao, Kirumba

Darasa hili, linalofanyika katika ukumbi mdogo eneo la Kirumba, linamfaa mkazi yeyote wa Mwanza anayependa kufikiri kwa utaratibu. Mwalimu anaanza na nguvu nne za msingi, yaani mvutano, sumakuumeme, nguvu kali na nguvu hafifu za nyuklia, kisha anazitazama kwa jicho la Tao, falsafa ya Kichina inayofundisha kwamba yin na yang, pande mbili zinazopingana, hukamilishana. Sehemu iliyonivutia zaidi ni pale alipotuonyesha picha ya Jiwe la Bismarck, lile lililo juu ya mwamba katika Ziwa Victoria hapa Mwanza, na kueleza kwamba mvutano wa dunia unalivuta chini usiku na mchana, ilhali elektroni za mwamba unaolibeba zinakataa kubanana na zile za jiwe lenyewe, hivyo utulivu tunaouona pale ziwani ni mizani ya pande mbili zisizopumzika. Alieleza pia kwamba Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark, aliiweka alama ya yin na yang kwenye nembo yake mwaka 1947.

Kasoro ni moja, wala si ndogo: mwalimu alizungumzia qi, yaani nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina, na nishati ya fizikia kana kwamba ni kitu kimoja. Nishati hupimwa kwa jouli, na jumla yake haibadiliki katika mfumo uliotengwa. Qi haina kipimo cha namna hiyo, na wanafunzi wa sekondari waliokuwapo walistahili kuambiwa hivyo waziwazi. Ada ni nafuu, vitini vimechapwa vizuri, ila muda wa maswali hautoshi.