TV game ya Kariakoo yenye "magemu 9,999,999": inunue, ila kwanza kagua pedi

Nianze na boksi, maana ndilo linalouza. Limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba kaseti ina magemu 9,999,999. Ukiiwasha, orodha inashuka mpaka kidole kinachoka, lakini ni yale yale yanajirudia: Contra (gemu la kukimbia na kupiga risasi) ya kuanzia mwanzo, Contra ya steji ya tatu, Contra ya kuanza na bunduki ya S, ile inayotawanya risasi, tayari mkononi. Muuzaji alianzia 60,000, tukamalizana kwa 35,000 na pedi mbili, bunduki, waya za AV na adapta.

Kaka yangu alipoiona akasema nimeuziwa feki. Ni kweli, huu ni mwigo wa Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983 na kuipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Lakini nani mtaani kwetu aliwahi kuiona hiyo Nintendo yenyewe? Sisi tulikua na hizi za Kichina, kama Warusi walivyokua na Dendy na Wapoland na Pegasus. Kwa hiyo naipima kwa TV game tuliyokuwa tunachezea sebuleni kwa mama, siyo kwa kitu cha Japani ambacho sijawahi kukishika.

Kwa kipimo hicho, pedi imezingua. Ina vitufe vinne kama zamani, viwili vya kawaida na viwili vya kufyatua mfululizo, ila ile alama ya msalaba ni nyepesi mno. Kwenye Contra unabonyeza kulia, jamaa analenga juu kulia, risasi zinapita hewani na adui anakuja kukumaliza mguuni. Nilifungua skrubu, nikatoa raba za ndani na kuweka za pedi ya zamani niliyokuwa nayo kabatini. Ikatulia. Asiye na pedi ya zamani atateseka.

Sauti nayo ina lake. Super Mario Bros. ya 1985 nzima ina kilobaiti 40, picha moja tu ya WhatsApp mara nyingi inaizidi, na humo humo Koji Kondo aliingiza muziki ambao mpaka leo watu wanaupiga mluzi. Chipu nyingi za kuiga zimepishanisha aina mbili za mawimbi ya sauti, basi noti iliyotakiwa itoke nyembamba inatoka nene, na ya nene inatoka nyembamba. Yangu inafanya hivyo. Mdogo wangu hasikii tofauti, na kusema ukweli ndivyo tulivyousikia utotoni, kwa hiyo silalamiki sana.

Kilichonirudishia hela yangu ni gemu la vifaru, Battle City ya Namco, nalo la 1985. Unalinda tai aliyezungushiwa matofali, vifaru 20 vya adui vinashuka kutoka juu, na mnacheza wawili kwa pamoja. Utamu uko hapo kwenye uwili. Ukimpiga mwenzako risasi hafi, anaganda tu kwa muda, anabaki anapepesa huku adui anamsogelea. Mdogo wangu ananigandisha makusudi kila ninapokaribia kuokota nyota, maana nyota tatu zinakupa risasi ya kuvunja mpaka chuma. Halafu kuna sehemu ya kujichorea uwanja wenyewe: tunamzungushia tai chuma tupu, tunaweka maji mbele, tunajiona wajanja, kisha mmoja wetu aliyepata nyota zake anavunja chuma na kumlipua tai kwa bahati mbaya. Yeye anasema bahati mbaya. Magemu ya simu sijawahi kuyagombania hivi.

Bunduki sasa. Kama nyumbani una flati, iache kwenye boksi. Bunduki hii haitoi kitu chochote, inapokea mwanga tu. Kwenye Duck Hunt, gemu la kuwinda bata, ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi mara moja, kisha kinatokea kiboksi cheupe palipo na bata, na bunduki inaangalia kama imekiona kwa wakati ule ule. TV ya chogo inachora papo hapo. Flati inachelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kukukosesha bata hata ukiibana bunduki kwenye kioo. Mimi nilichukua chogo la shangazi lililokuwa limewekewa vitambaa na maua ya plastiki, na Duck Hunt inafanya kazi vizuri kabisa. Yule mbwa bado anacheka ukikosa, na bado huwezi kumpiga.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji aichomeke hapo hapo dukani. Fungua Contra, shika kulia tu bila kufyatua, tembea mpaka kwenye daraja linalolipuka. Jamaa akiinua bunduki juu bila wewe kutaka, omba pedi nyingine kabla hujatoa hela. Adapta pia iguse baada ya dakika chache. Yangu inapata moto kuliko ninavyopenda, kwa hiyo tukimaliza kucheza naichomoa kabisa ukutani.