Dripu ya robo eka: mipira haina neno, hesabu ndiyo mbovu

Vifurushi vya dripu (umwagiliaji wa matone) vya "robo eka" vinavyouzwa Kariakoo na Gerezani vingi vinafanana: roli la mpira wa milimita 16 lenye mita 1,000 na matundu kila sentimita 30, bomba kuu la milimita 32, chujio, konekta na simtanki la lita 1,000.

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Mistari ikiachana mita moja, roli linaisha lote na unapata matundu zaidi ya 3,300. Kwa lita 1.6 kwa saa kila tundu, yakifunguliwa yote yanadai lita 5,300 kwa saa. Bomba la 32 haliwezi, na simtanki lililo juu ya kichanja cha mita moja na nusu lina presha ya baa 0.15 tu (baa ya kupimia, si ya Sinza). Mistari ya karibu inalowa, ya mwisho inabaki na vumbi.

Gawa shamba mafungu manne, kila moja na koki yake, ufungue moja moja. Nyanya zilizokomaa wakati wa jua kali hunywa kama lita 4,000 kwa siku, yaani simtanki moja kwa fungu, takriban saa mbili kwa presha hiyo ndogo, maana tundu halitoi lita 1.6 kamili. Asiye na maji ya kulijaza mara nne asinunue.

Bomba kuu litobolewe kwa kitobozi cha konekta. Msumari wa moto, kipenzi cha mafundi wetu, huacha tundu lenye umbo la yai. Raba ya konekta haikai na maji yanavuja siku ya kwanza. Matundu ya mpira yatazame juu ili tope litulie chini, na ncha zifunguliwe kila wiki litoke.

Kwenye mchanga wa Kigamboni maji huzama moja kwa moja bila kusambaa pembeni. Bamia na nyanya zitakubali. Mchicha wa kumwaga utaota kwa milia, kwa hiyo tuta la mita moja linataka mistari mitatu, na roli halitatosha robo eka.

Kama kisima kina chumvi, dripu huisukuma hadi ukingoni mwa duara la unyevu. Mvua ya rasharasha ikianza usifunge koki: inairudisha chumvi kwenye mizizi.