Maji ya moto au ya baridi kwa kusafisha mtutu wa gobore?
Gobore hutumia baruti nyeusi, na ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki moshi na masizi ya chumvichumvi, yanayovuta unyevu na kuleta kutu. Huyeyuka kwa maji, si kwa mafuta ya taa. Hakikisha kwanza bunduki haijashindiliwa.

Maji ya moto hulainisha masizi haraka, na chuma kikishapata joto hujikausha chenyewe. Ila ukichelewa kupaka mafuta, kutu nyepesi ya rangi ya chungwa hutokea papo hapo. Ya baridi yenye sabuni kidogo hayahitaji kuni, lakini hula vitambaa vingi: mdeki, yaani ufito wa kusukumia kitambaa mtutuni, utapanda na kushuka mpaka kitambaa kitoke kikavu kabisa.

Nyumbani, penye vitambaa tele, mimi hutumia ya baridi. Kambini vitambaa vikiwa vichache, chemsha maji, mafuta yakiwa karibu.