Oxylog 3000 plus ndani ya gari la wagonjwa: modi zake na kengele zake

Oxylog 3000 plus, mashine ya kusaidia kupumua ya kampuni ya Dräger ya Ujerumani, ina uzito wa takribani kilo 6. Kwa sisi wauguzi wa usingizi tunaosindikiza wagonjwa wa rufaa, ubora wake mkubwa ni kuwa na modi (namna za kumpa mgonjwa pumzi) zinazokaribiana na zile za mashine za wagonjwa mahututi. Ipo VC-CMV kwa aliyelazwa usingizi kabisa, VC-SIMV kwa anayeanza kuvuta pumzi zake, PC-BIPAP inayoongozwa na presha, na CPAP kwa anayepumua mwenyewe.

Modi na kengele hupangwa pamoja, na hapa ndipo naona wengi wakiteleza. Katika VC-CMV mashine husukuma ujazo uliowekwa, tuseme mililita 420. Mrija ukijikunja au ukizibwa na makohozi, presha hupanda na kengele ya presha ya juu hulia. Ukihamia PC-BIPAP presha haipandi, kwa kuwa ndiyo uliyoipanga. Kinachopungua ni ujazo, na anayebaki mlinzi ni kengele ya kiwango cha chini cha hewa inayotoka kwa dakika. Mgonjwa anayehitaji lita 7 kwa dakika, kikomo hicho kikiachwa kwenye lita 2, anaweza kupoteza nusu ya hewa yake na mashine isilie kwa sababu hiyo. Mimi hukiweka kwenye lita 5 kabla machela haijatoka wodini.

King'ora cha gari humeza sauti ya kengele, hivyo mashine ifungwe mahali ambapo taa yake ya tahadhari inaonekana bila kugeuza shingo. Barabara yenye makorongo nayo hutikisa mipira hata mashine ikadhani mgonjwa amevuta pumzi. Hapo napunguza wepesi wa kichocheo, yaani wepesi wa mashine kuhisi pumzi ya mgonjwa.

Kasoro ninayoilalamikia ni oksijeni. Mashine hii huendeshwa na gesi yenye mgandamizo na haishuki chini ya asilimia 40, tofauti na Hamilton-T1, mashine nyingine ya safarini yenye tabini (feni ya ndani), inayoweza kutumia hewa ya kawaida. Silinda ya lita 10 yenye bari 150 ina lita 1500. Kwa asilimia 100, mgonjwa wa lita 7 pamoja na matumizi ya mashine yenyewe huimaliza kwa saa 3 na dakika chache. Safari ya saa 3 naibebea silinda mbili.