Enterolert kwa wapimaji wa kujitolea wa ufukweni: unga ni mzuri, inkubeta ndiyo mtihani

Kikundi kinachotaka kujua kama maji ya ufukwe wa umma yameingiliwa na kinyesi kitakutana mapema na jina la Enterolert, unga wa kampuni ya IDEXX unaohesabu enterokoki. Wanaojitolea wa Blue Water Task Force, mpango wa kupima maji wa Surfrider, shirika la kulinda bahari na fukwe huko Marekani, wanautumia kwenye maabara zao ndogo. Hapa tunautazama kwa mahitaji ya watu wa Coco Beach au Bamburi, penye jua kali na umeme wa kubahatisha.

Kwa nini enterokoki? Ni bakteria wa utumbo wanaovumilia chumvi kuliko E. koli (bakteria mwingine wa kinyesi), kwa hiyo vile vifuko vya kupimia E. koli kwenye kisima si chaguo la kwanza baharini. Kimeng'enya chao huvunja kirutubisho kilichomo kwenye unga, na maji yakawaka buluu chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365.

Uchotaji unaharibu matokeo mengi kuliko maabara. Ingia hadi maji ya magoti au kiuno, subiri mchanga ulioutimua utulie (mchanga huhifadhi enterokoki), elekea mawimbi yanakotoka, zamisha chupa mdomo ukiwa chini hadi sentimita 15 hadi 30, kisha igeuze ijae mbele yako. Chupa yenye kidonge au unga wa kuondoa klorini ndani haisuuzwi. Iweke kwenye kasha la barafu, chini ya nyuzi 10, na ianze kupimwa ndani ya saa 6. Saa ya kuchota isibadilike kila wiki, maana jua huwaua bakteria hawa: maji ya saa 1 asubuhi na ya saa 7 mchana, mahali pale pale, hayatoi namba moja. Andika pia kama maji yanakupwa au yanajaa, na mvua ilinyesha lini. Mifereji ikimwaga wakati wa kupwa, sampuli ya wakati maji yamejaa haitaona kitu. Karibu na mdomo wa mto kama Msimbazi wakati wa masika, bila kumbukumbu hizo namba hazisomeki kabisa.

Kosa kubwa la wageni ni kupima maji ya bahari bila kuyazimua. Chukua mililita 10 za sampuli na mililita 90 za maji yasiyo na vijidudu wala klorini, mimina unga, tikisa hadi uyeyuke, subiri povu litulie, mimina kwenye trei yenye vishimo. Maji hayo yasiwe na bufa (dawa ya kuweka kiwango cha asidi sawa), kwani unga tayari unayo. Maji safi ya kuongezea betri (si tindikali yake) yameondolewa madini tu, hayakuuliwa vijidudu. Yapikwe kwanza kwenye presha kuka, nyuzi 121, dakika 15. Mwishoni zidisha jibu kwa 10.

Trei ya Quanti-Tray/2000 ina vishimo vikubwa 49 na vidogo 48. Mashine ya kuiziba kwa joto ndiyo mzigo wa bei, na trei iliyozibwa vibaya huvuja kutoka kishimo hadi kishimo. Kikundi kidogo kisiinunue. Omba kuitumia kwenye maabara ya chuo au ya mamlaka ya maji, nyinyi mlete trei, chupa na unga. Unga ukae kwenye friji, si ndani ya gari.

Halafu inkubeta, kasha la kuweka trei kwenye joto lisilobadilika: nyuzi 41, kupanda au kushuka nusu nyuzi tu, kwa saa 24 hadi 28. Ile ya kutotolea vifaranga imetengenezwa kwa nyuzi 37 na kitu. Joto hilo huwapa nafasi bakteria wengine. Umeme ukikatika usiku, usikisie, tupa trei. Weka kipimajoto cha pili ndani, kwa sababu skrini ya mashine hudanganya. Kila kundi la sampuli liende na trei moja ya maji yale yasiyo na vijidudu pamoja na unga, bila sampuli. Ikiwaka hata kishimo kimoja, siku hiyo haina matokeo.

Usomaji ni wa raha: chumba cha giza, taa karibu na trei, hesabu vishimo vinavyowaka, angalia jedwali linalogeuza hesabu hiyo kuwa idadi ya bakteria. Lakini kwa kuzimua mara 10 kishimo kimoja kikubwa ni takriban 10 kwa mililita 100, kwa hiyo kubishana kati ya 20 na 30 ni kupoteza muda. Moja ya seti mbili za vigezo vya Marekani za 2012 vya maji ya kuogelea inataka wastani wa kijiometri (usiovutwa sana na namba moja kubwa) usizidi 35 kwa mililita 100, na sampuli zinazozidi 130 zisipite asilimia 10. Sampuli moja haihukumu ufukwe. Mlolongo wa wiki nyingi ndio unaosema.

Tunachokilalamikia ni mambo mawili. Jibu huja kesho yake, muogeleaji wa jana ameshakunywa maji. Na kwenye nchi za joto enterokoki wanaweza kuishi udongoni bila kinyesi chochote. Hawaii walibaini hivyo, ndiyo maana wanaangalia pia Clostridium perfringens, bakteria mwingine wa kinyesi. Namba ikiwa juu baada ya mvua, tafuteni kwanza bomba la maji taka kabla ya kuandika bango.

Trei iliyokwisha ina bakteria hai: ipikwe kwenye presha kuka au ilowekwe kwenye jiki kabla ya kwenda jalalani.