Inverta ya kuchomelea ya ampea 200: miezi 19 ya sabkontrakti Malindi na Lamu

Vijana wa hapa Malindi wananiuliza kila wakiniona nateremka kwa boda na hii mashine begani, fundi hiyo kitu ndogo hivyo inachomelea kweli? Basi nimeamua kuandika mara moja yote niliyoyaona, mazuri na mabaya, maana mimi mwenyewe wakati wa kununua nilitafuta mtu wa Pwani aliyeitumia aniambie sikupata, wote walioandika wako Nairobi na huko hakuna chumvi hewani. Jina la kampuni silitaji, naongelea aina yenyewe, inverta ya bei ya kati, yaani mashine ndogo ya kielektroniki ya kuchomelea kwa rodi (vile vijiti vya chuma vinavyoyeyuka), iliyoandikwa 200 kubwa kubwa mbele, niliinunua Mombasa shilingi 14,500 na boksi lake.

Kwanza muelewe naitumia kwa kazi gani. Mimi si fundi wa kukaa kibandani nikingoja mtu alete jembe limevunjika. Nachukua kazi chini ya makontrakta, yaani kontrakta ana jengo lote, mimi ananikatia upande wa chuma, mageti, grili, reli za balkoni, ngazi, stendi za matangi, tunapatana bei kwa paneli ama kwa kazi nzima, leba yangu na mashine yangu, chuma mara nyingi analeta yeye. Ukiwa kibarua mashine ya tajiri ikiharibika unakaa kivulini na siku yako inahesabiwa. Ukiwa sabkontrakta ikiharibika ni hasara yako, nina vijana wawili nawalipa jioni ikifika, kazi iwe imefanyika au haikufanyika. Kwa hivyo mimi mashine siipimi kwa rangi wala kwa taa zake, naipima kwa siku ilizonilisha na siku ilizonilaza njaa.

Uzito ni kama kilo 5 bila kebo. Transfoma yangu ya zamani, ile mashine nzito ya kuchomelea ya kusukwa hapa hapa na mafundi, tulikua tunaibeba watu wawili hadi kwa mkokoteni na mgongo unauma siku mbili. Hii naifunga kwenye begi la shule la mtoto, rodi pembeni, grainda juu, nimetoka. Na hili ndilo lililonitoa kwenye kibanda cha watu, sisemi uongo, kabla ya hapo kazi ya mbali nilikua naikataa kwa sababu ya usafiri wa mashine peke yake.

Mfano ni kazi ya Lamu mwaka jana, Shela ya kule sio Shella yetu ya hapa. Ilikua stendi ya tangi la lita 2,000 juu darini. Sasa wanaojua Lamu wanajua, chuma kinafika Mokowe kwa lori, kinaingia mashua, ukiteremka ni punda na mabega ya watu, gari hakuna kwenye zile njia. Na engo laini, vile vyuma vya umbo la L, inakuja urefu wa mita 6, hiyo haikati kona ya uchochoro wa Shela hata ukiomba dua, ukuta kwa ukuta. Tukakata vipande vya mita 3 pale pale kwenye mchanga, tukavipandisha ngazi kimoja kimoja, nikaviunga huko juu. Mzee mwenye nyumba akapanda kutazama, akaiangalia mashine, akaniambia "mwanangu, na hiyo yaweza kushika tangi?" Nikamwambia "yaweza baba, nipe hadi alasiri." Lita 2,000 za maji ni tani 2, kwa hivyo miguu na maungio sikutumia rodi ya kawaida, nilitumia 7018, rodi ya kazi nzito, ya milimita 3.2, nikanoa kingo zikawa na mteremko moto uingie ndani, nikapiga laini tatu juu ya nyengine, kila laini nagonga gamba napiga brashi hadi chuma kinang'aa ndio naweka ifuatayo. Tangi lilijazwa jioni ile ile na mzee akazunguka miguu yote minne akiigonga na fimbo yake. Kwa transfoma hio kazi nisingeichukua, na wala sio uzito tu, 7018 kwenye ile transfoma yangu ya kusukwa inayotoa AC, umeme wa kwenda na kurudi, ilikua inazima zima na kunata, inverta inatoa DC, umeme wa kwenda upande mmoja, na moto umetulia kama maji ya mtungi.

Kwa chuma chembamba ndio utaipenda zaidi. Skwea tyubu ya geji 18 na transfoma unatoboa mashimo ukiziba hapa panafunguka pale. Hapa naweka rodi ya kawaida, 6013, ya milimita 2.5, nashusha hadi ampea 60 au 65, nabadilisha holda, yaani kishikio cha rodi, naweka kwenye hasi ili moto usizame sana kwenye chuma, mshono unatoka mwembamba, kazi ya diski ya grainda baadaye inapungua nusu. Nusu ya diski ni pesa jamani, kwa sabkontrakta diski na rodi ni zako.

Sasa ile 200. Hapa lazima tuambiane ukweli. Kutoa ampea 200 kwa rodi kunahitaji volti kama 28 kwenye moto, zidisha upate wati 5,600, bado zile zinazopotea ndani ya mashine. Soketi ya ukutani ya ampea 13 kwa volti 240 inakupa wati 3,120 mwisho wa habari. Kwa hivyo ukichomeka kwa soketi ya kawaida unafanya kazi kwenye ampea 100, 110, ukizidisha plagi inaanza kunuka plastiki. Mimi nilichoma plagi mbili kabla sijaelewa. Kwa rodi ya 2.5 hizo ampea zinatosha kabisa, kwa 3.2 unataka laini yake kutoka kwa breka kubwa, mwambie fundi wa stima wa saiti mapema, usingoje siku ya kazi. Alafu ekstenshoni, hizi nyembamba za dukani za kuchajia simu zitakuangusha, volti inapotea njiani na waya unapata moto, nilinunua kebo ya milimita 4 za mraba, mita 25, ilikua ghali lakini tangu hapo sijaona mashine ikilegea.

Kupumzika pia. Kwenye karatasi yake imeandikwa asilimia 60, maana yake kwenye dakika 10 ukiipeleka kwa nguvu yake ya juu unachomelea 6 unaipumzisha 4, na hio ni kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Mwezi wa tatu Malindi juu ya bati lisilo na kivuli, taa ya njano ya joto inawaka mapema, mashine inakata yenyewe. Haijaharibika, iache feni izunguke, usiizime. Sisi tukisikia adhana ya adhuhuri tunaweka holda chini tunaiacha inapuliza, tukirudi msikitini iko baridi.

Sasa ubaya wake, na huu ndio ulionifanya niandike kwa kirefu.

Mwezi wa tano tangu ninunue nilikua kwenye saiti moja karibu na bahari hapa Malindi, reli za balkoni, paneli 38, tumefika ya 21. Asubuhi nimewasha, feni inazunguka, taa ya kijani iko, nagusa rodi kwenye chuma hakuna hata cheche. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha soketi, hakuna kitu. Foremani akaja nikamueleza, sikutaka kumficha, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Fundi, mimi sikukodisha mashine, nilikupa kazi. Kazi iko wapi?" Na kweli hakukosea, ndivyo tulivyopatana. Nikakodi transfoma ya mtu siku 4 kwa shilingi 800 kila siku, usafiri wake juu yangu, vijana wangu nikawalipa.

Nikapiga simu kwa duka lililoniuzia, waranti ni ya mwaka mzima, wakaniuliza swali moja tu, umewahi kuitumia na jenereta? Nikasema ndio, maana ni kweli. Wakasema basi waranti imekufa, iko kwenye karatasi. Nikaitafuta ile karatasi, herufi kama mayai ya mchwa, ndani kabisa, kwa Kiingereza. Mtu akikuuzia mashine Pwani na anajua unaenda saiti ambazo stima haijafika, hilo ni la kukuambia mdomo kwa mdomo kabla hajapokea pesa. Limeniuma hadi leo.

Nikaipeleka kwa fundi wa redio na tivii, kijana mtaratibu sana. Aliifungua mbele yangu. Jamani. Bodi imejaa unga mweusi wa grainda kama masizi ya jikoni, na chini ya ule unga miguu ya vile vifaa imegeuka kijani, kile kijani cha shaba iliyokaa pwani. Akanieleza, unga wa chuma peke yake si mbaya sana, chumvi peke yake inachukua muda, lakini vikikutana na unyevu wa usiku umeme unapata njia ambayo haikutakiwa na pale ndipo inaungua. Na ni mimi nilieisababishia, nilikua naikata na kuinoa reli hatua mbili kutoka kwa mashine, feni inavuta unga wote ndani. Alibadilisha vifaa vilivyoungua, akasafisha, akapaka bodi ile vanishi ya umeme ya kuzuia unyevu pande zote, shilingi 3,800. Tangu siku hiyo ni miezi 14, haijakataa hata asubuhi moja.

Kwa hivyo ukinunua, ipeleke ikapakwe vanishi kabla hata hujaanza kazi, waranti itakufa ndio lakini mumesikia ya waranti. Iweke juu ya boksi la mbao sio chini kwenye mchanga, na iwe upande unaotoka upepo, kaskazi ikivuma pale, kusi ikija unahamisha, grainda ikae upande wa pili mbali. Kila Ijumaa naipuliza kwa kompresa ya mtu wa pancha kwa upepo mdogo. Na wewe usijifungulie kama hujui, kapasita za ndani, vile vifaa vinavyoweka umeme, zinashika volti kama 340 hata ukiwa umechomoa plagi, inaweza kukutupa.

Jenereta inakubali, nyie mjue tu iwe yenye AVR, kile kifaa cha kutuliza volti, na iwe kubwa, nguvu ya kVA 5 kwenda juu. Nilijaribu na kale kadogo ka kVA 2.5 huko Mambrui, ukigusa rodi injini inalia kama ng'ombe na moto unakatika.

Maski inayokuja ndani ya boksi msiitumie, ni kibao cha kushika mkononi na kioo ambacho hakina hata namba ya giza. Nilinunua kofia yenye kioo kinachojifunika chenyewe, naweka namba 10 au 11, mikono yote miwili iko huru. Kijana wangu mmoja alishikia paneli bila kitu machoni siku nzima akiangalia pembeni ati haangalii moto, usiku macho kama yamejaa mchanga analia hadi alfajiri. Na paipu za galvanaizi noeni ile zinki kwanza, ule moshi mweupe unaleta homa ya usiku na kutetemeka, maziwa tunayokunywa hayazuii kitu. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, na vijana wetu wanainama juu yake bila hata kitambaa.

Pesa je, ilirudi? Ilirudi kwenye kazi ya pili. Ila isikudanganye kwamba mashine inatatua mambo ya kulipwa. Ile kazi ya reli nilikatwa asilimia 10 ya kushikiliwa hadi jengo likabidhiwe, na ile asilimia 3 ya kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, juu yake, na tangu 2024 kontrakta wa maana anataka risiti ya eTIMS, ile ya mtandao wa kodi, bila hiyo KRA, mamlaka ya kodi, haimkubalii gharama yake, kwa hivyo jisajilini mapema. Hizo asilimia 10 nimezifuata miezi 7 ndio zikaingia kwa M-Pesa. Weka akiba ya kukodi mashine siku 4 kabla hujasaini chochote, hiyo ni pesa ya kazi sio faida.

Kwa jumla naipa nyota 4 kwa 5. Kwa fundi wa kibandani anayechomelea vyuma vizito kutwa nzima bila kupumzika abaki na transfoma yake, hii inverta itamzika. Kwa anayezunguka saiti, anayevuka maji, anayefanya grili na reli na ngazi, anunue. Na akishanunua siku hiyo hiyo atoe klampu ya ethi, ile inayobana chuma unachochomelea, iliyokuja nayo aitupe, ni bati jepesi, springi inalegea mwezi wa kwanza na mshono unaanza kurukaruka wewe unalaumu rodi. Mimi niliweka ya shaba ya shilingi 450 na ndiyo iko hapo mpaka leo.